WILHELM CONRAD RÖNTGEN: ALIYEUFUNUA MWILI BILA KISU

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa kiza. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, tangu Kaloleni hadi Kayole, kwa miaka mingi mgonjwa alirejea nyumbani na bahasha kubwa iliyobeba picha ya eksirei. Picha hiyo ilipoinuliwa dirishani, watoto waliona mbavu na kivuli cha moyo, wakapata somo la anatomia kabla ya kulisikia darasani. Makala haya yanamsimulia mtu aliyetuachia somo hilo.

Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 mjini Lennep, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani, akalelewa Uholanzi. Akiwa Utrecht alifukuzwa shule kwa tuhuma ya kumchora mwalimu kwa dhihaka, kosa linalosemekana kuwa la mwenzake. Hakukata tamaa. Mwaka 1865 alijiunga na chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, na mwaka 1869 akatunukiwa shahada ya uzamifu.

Tarehe 8 Novemba 1895, katika maabara yake mjini Würzburg, alipitisha umeme katika mrija wa kioo uliofunikwa kwa karatasi nyeusi. Ghafla, kibao kilichopakwa kemikali kikang'aa gizani. Mionzi isiyoonekana ilikuwa imepenya. Baada ya majuma kadhaa ya uchunguzi wa faragha, tarehe 22 Desemba alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Mifupa ilionekana, na pete juu yake. Yasimuliwa kwamba mama huyo alishtuka kana kwamba ameonyeshwa kifo chake.

Hadi wakati huo, aliyetaka kuyajua maumbile ya ndani ya mwili alitegemea zaidi maiti na kisu. Tarehe 23 Januari 1896, mbele ya hadhira, Röntgen aliupiga picha mkono wa Albert von Kölliker, mtaalamu mkongwe wa anatomia. Mzee huyo, aliyewachunguza wafu kwa miaka mingi, akaiona mifupa yake mwenyewe angali hai. Alipendekeza mionzi ipewe jina la Röntgen. Mvumbuzi alipendelea X, alama ya kisichojulikana.

Mwaka 1901 Röntgen alipata Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia, na fedha zake akakipa Chuo Kikuu cha Würzburg. Alikataa kuchukua hataza ya uvumbuzi wake, ili uwe mali ya wote. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mfumko wa bei ulimla akiba. Alifariki Munich tarehe 10 Februari 1923.

Aliacha mlango wazi. Hata hivyo, mkazi wa Eastlands angali anapokea picha ya mwili wake pamoja na ripoti ya Kiingereza asiyoielewa. Mtulinga, kidari, fupaja na muundi ni maneno yetu, nayo yanatosha kumweleza alipovunjika. Röntgen hakuifungia mionzi yake. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tusikubali maarifa hayo yafungiwe katika lugha ya kigeni.