Irene Stefani: Malezi ya kimya yaliyomzaa Nyaatha wa Gikondi

MITAA ya magharibi mwa Nairobi, kuanzia Hurlingham na Kilimani hadi Karen na Lang'ata, ina nyumba nyingi za mashirika ya kitawa. Nyuma ya malango ya baadhi ya nyumba hizo wamo wasichana wanaojiandaa kuwa masista, ambao jirani zao huwaona tu wakienda Misa alfajiri au wakirejea kutoka sokoni.

Yanayotendeka ndani huwa fumbo kwa wengi. Wapo wanaodhani kwamba msichana hufungiwa humo ili asiyajue ya dunia. Wapo pia wazazi wanaonung'unika kwamba miaka hiyo ni ya bure, kwa kuwa haimpi mtoto wao cheti wala mshahara.

Maisha ya Mwenyeheri Irene Stefani, mtawa Mwitaliano aliyefariki Gikondi, Nyeri, mnamo 1930, yanatoa jibu kwa shaka hizo. Waumini wa Kenya wanamfahamu kwa jina la Nyaatha, yaani mwenye huruma, alilopewa na Wakikuyu aliowatumikia. Wachache wanakumbuka kwamba nyuma ya miaka 15 aliyoishi Afrika ilikuwapo miaka mingine mitatu na ushei ya malezi mjini Turin.

Irene alizaliwa Agosti 22, 1891, katika kijiji cha Anfo, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake, Giovanni Stefani na Annunziata Massari, walimpa jina Aurelia, ingawa nyumbani aliitwa Mercede. Alikuwa wa tano katika familia ya watoto 12.

Mama yake alipofariki, Mercede alikuwa angali msichana wa umri wa miaka ya ujana. Ilimbidi asaidie kuwalea wadogo zake na kushika shughuli za nyumba. Kwa hivyo, hakuingia utawani akiwa mgeni wa kazi wala wa majonzi.

Wakati huo, jijini Turin, padri Giuseppe Allamano alikuwa tayari ameanzisha Shirika la Wamisionari wa Consolata mnamo Januari 29, 1901. Wamisionari wake wa kwanza walifika Tuthu, katika eneo la chifu Karuri wa Gakure, mwishoni mwa Juni 1902. Ilipodhihirika kwamba kazi hiyo haingekamilika bila wanawake, Allamano alianzisha shirika la masista mnamo Januari 29, 1910.

Mercede alijiunga nalo Juni 1911, shirika likiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache tu. Alikuwa na umri wa miaka 19. Mnamo Januari 28, 1912, alipokea vazi la kitawa na kuanza unovisi, akapewa jina jipya, Irene, lenye asili ya Kigiriki na maana ya amani.

Unovisi ni kipindi cha majaribio na malezi kinachomtangulia mtu kuweka nadhiri za ufukara, useja na utii. Mnovisi hujifunza sala, katiba ya shirika lake na maisha ya jumuiya chini ya mlezi aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Si mtawa kamili bado, wala si mgeni tena.

Katika nyumba za kitawa za zama hizo, siku iliongozwa na kengele. Kulikuwa na saa ya kuamka, saa ya kutafakari, saa ya Misa, saa ya kazi na saa ya kimya. Wasichana walifua, walishona, walipika na kusafisha, na kila mmoja alipangiwa kazi bila kuulizwa anapenda ipi.

Mtu akiitazama ratiba hiyo kwa mbali, huenda akaona kuchosha tu. Lakini ugumu wa unovisi haukuwa katika kengele. Ulikuwa katika watu.

Wasichana waliolelewa katika nyumba tofauti, wenye tabia na hasira tofauti, walilazimika kula meza moja na kuombana msamaha kila siku. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Huwezi kuhama eti kwa sababu jirani yako kanisani anakohoa, au kwa kuwa anayeosha vyombo nawe ni mvivu.

Hapo ndipo sala hupimwa. Aliyekesha mbele ya altare kisha akaamka na kumnunia mwenzake jikoni, hugundua upesi kwamba bado ana safari ndefu. Jumuiya humwonyesha mtu kasoro ambazo akiwa peke yake asingeziona.

Allamano mwenyewe hakuwahi kukanyaga ardhi ya Kenya. Alikuwa msimamizi wa Madhabahu ya Consolata mjini Turin tangu 1880 hadi alipofariki Februari 16, 1926. Hata hivyo, aliwafunza wamisionari wake kwa mazungumzo ya mara kwa mara, na wengi wao walimpenda kama baba.

Fundisho lake kuu lilikuwa kwamba utakatifu hutangulia umisionari, na kwamba jambo jema lapasa kutendwa vyema na bila kelele. Hakuwataka wafanye maajabu. Aliwataka wayafanye mambo ya kawaida kwa uangalifu usio wa kawaida.

Irene alilichukua fundisho hilo kwa uzito. Hakuna muujiza unaosimuliwa kutoka miaka yake ya unovisi, wala uongozi wowote wa kutajika. Aliweka nadhiri zake Januari 29, 1914, shirika likitimiza miaka minne, na mwishoni mwa mwaka huo akafunga safari ya kuja Kenya.

Alifika mapema mwaka 1915 na kuikuta Afrika Mashariki imegeuzwa uwanja wa vita. Waingereza waliokuwa Kenya walipigana na Wajerumani waliokuwa Tanganyika, na mzigo mzito ukawaangukia Waafrika ambao ugomvi huo haukuwahusu. Maelfu kwa maelfu walichukuliwa, wengi kwa nguvu, kubeba risasi na chakula cha majeshi.

Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, jina ambalo vinywa vya watu vililigeuza kuwa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Waliokufa kwa kuhara damu, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Irene alipelekwa kuwauguza wapagazi hao. Alihudumu katika hospitali za kijeshi za Voi nchini Kenya, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam katika Tanganyika. Alizunguka kati ya vitanda vilivyojaa, akisafisha vidonda na kuwalisha wasioweza kujilisha, huku akijitahidi kuwasiliana na watu wa lugha nyingi asizozijua.

Inasimuliwa kwamba siku moja huko Kilwa alikuta kitanda cha mgonjwa mmoja aliyekuwa akimfundisha dini kikiwa kitupu. Aliambiwa kwamba amekufa na maiti yake imepelekwa ufuoni pamoja na nyingine. Irene alishuka hadi huko, akaitafuta miongoni mwa maiti, na akamkuta mtu huyo angali hai.

Ni kisa kinachoeleza zaidi ya ujasiri. Katika hospitali ambamo wagonjwa walihesabiwa kama mizigo, sista huyu alikuwa bado anawajua mmoja mmoja. Tabia hiyo haizaliwi siku ya vita. Aliyezoea kumtambua mwenzake katika chumba cha kufulia, huweza kumtambua pia katika rundo la wafu.

Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza maswali. Wamisionari walikuja chini ya kivuli cha ukoloni, na wengi wa wagonjwa aliowabatiza Irene, ambao husemekana kuwa wapatao 3,000, walikuwa mahututi. Ni vigumu kupima hiari ya mtu anayekata roho, mbali na kwao na katika vita visivyo vyake.

Swali hilo halifutiki kwa sifa. Hata hivyo, lazima pia isemwe kwamba wapagazi hao walikuwa na watu wachache mno wa kuwainamia, na Irene alikuwa mmojawapo.

Mnamo 1920 alihamia Gikondi, katika eneo la Mukurwe-ini, Nyeri, na kuishi huko kwa miaka 10 iliyosalia ya uhai wake. Alifundisha shuleni asubuhi, kisha alivuka mabonde na kupanda milima kwa miguu akiwatembelea watu majumbani. Aliwahudumia wagonjwa na wanawake waliokuwa wakijifungua, akajifunza Kikikuyu na kukitumia.

Huko ndiko alikofanya kazi nyingine ambayo haikuwa katika mafunzo yoyote. Kodi ya wakoloni ilikuwa imewasukuma vijana wa Gikondi kwenda kutafuta vibarua Nairobi, Mombasa na kwingineko. Wazazi wao, wasiojua kusoma wala kuandika, walibaki bila habari.

Irene akawa mwandishi wao. Aliketi na kumsikiliza mama akieleza yaliyo moyoni, akayaandika kwa niaba yake na kumtumia mwana mjini. Jibu lilipofika, alilisoma. Kijana aliyekuwa akipika au kulima bustani katika nyumba za Wazungu jijini Nairobi alipata kujua kwamba nyumbani bado anakumbukwa.

Jioni alirudi katika jumuiya ndogo ya masista wenzake. Kengele ilikuwepo huko pia, na sala, na meza moja. Msichana aliyefunzwa Turin kuishi na asiowachagua aliendelea kulisoma somo hilo hadi mwisho.

Mwisho huo ulikuja mapema. Mnamo Septemba 1930, akiwa mafungoni Nyeri, aliomba ruhusa ya mkubwa wake ayatoe maisha yake kwa ajili ya misheni. Hata hamu hiyo ya mwisho aliipitisha katika utii, kama alivyofunzwa.

Aliporejea Gikondi, tauni ilikuwa imeingia. Mwalimu mmoja wa shule ya misheni aliugua, na Irene akaenda kumuuguza bila kujikinga na hatari aliyoijua vyema. Alimshikilia mgonjwa huyo hadi akakata roho.

Siku chache baadaye naye alilala kitandani. Alifariki Oktoba 31, 1930, akiwa na umri wa miaka 39. Wakikuyu waliomlilia walikwisha kumpa jina la Nyaatha, na jina hilo ndilo lililodumu vinywani mwao kuliko lile la Kigiriki alilopewa Turin.

Kanisa lilichukua muda mrefu kutoa uamuzi wake. Uchunguzi ulianza miaka ya 1980, na tukio lililokubaliwa kuwa muujiza lilitoka Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji. Mnamo Januari 1989, zaidi ya watu 200 waliokimbilia kanisani wakati wa vita walimwomba Irene awasaidie, na maji kidogo yaliyokuwa katika kisima cha ubatizo yakawatosha kunywa kwa siku kadhaa.

Alitangazwa Mwenyeheri mjini Nyeri Mei 23, 2015, katika ibada iliyoongozwa na Kardinali Polycarp Pengo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ibada ya aina hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Allamano, mlezi wake, alitangazwa mtakatifu na Papa Francis Oktoba 20, 2024.

Malezi aliyoyapitia Irene hayakubaki kuwa ya Wazungu peke yao. Tangu 1918 wasichana wa Kikuyu walianza kupokewa Nyeri katika shirika lililokuja kuwa la Masista wa Maria Imakulata. Leo wengi wa wanovisi nchini ni Waafrika, na mashirika yaliyozaliwa Ulaya huwategemea.

Sheria ya Kanisa ya 1983 inataka unovisi uwe wa angalau miezi 12, na kwa kawaida usizidi miaka miwili. Nadhiri za kwanza huwa za muda, kati ya miaka mitatu na sita, na zikiongezwa zisizidi miaka tisa, ndipo mtu aweke za daima. Katika kipindi chote cha unovisi, msichana ana uhuru wa kuondoka, na shirika nalo lina uhuru wa kumwambia aende.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Msichana anaporudi nyumbani kutoka unovisi, hupokewa kama aliyefeli mtihani, na majirani humnong'ona. Ukweli ni kwamba kipindi hicho kiliwekwa ili swali liulizwe kwa dhati, na swali la dhati huwa na majibu mawili.

Kwa anayebaki, njia ya Irene inaonyesha asitarajie nini. Asitarajie kwamba miaka ya malezi itampa sifa au itamtenga na udhia wa watu. Itampa watu hao hao, kila siku, hadi ajue kuwapenda bila kuwachagua.

Samaki hukunjwa angali mbichi, walisema wahenga. Hakuna aliyejua mwaka 1912, katika nyumba ya masista Turin, kwamba msichana yule wa Anfo angeombwa siku moja kuinama juu ya wapagazi wa Kilwa na juu ya kitanda cha mgonjwa wa tauni Gikondi. Saa ilipofika, hakuwa na muda wa kujifunza. Alikuwa amekwisha kujifunza.