Mtu Aliyejiita Mwanafunzi

Mkulima wa Kasongo amepanda mbegu mbili za mpunga: ya kwanza katika mashamba matano, ya pili katika mashamba mengine matano. Wakati wa mavuno moja imezaa zaidi kidogo. Je, ni ubora wa mbegu, au ni bahati ya udongo? Swali la namna hiyo lilimshughulisha William Sealy Gosset kwa miaka mingi, ila yeye alipima shayiri.

Gosset alizaliwa Canterbury, Uingereza, tarehe 13 Juni 1876. Alisoma hesabu na kemia Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa Dublin katika kiwanda cha pombe cha Guinness. Huko majaribio yalikuwa ghali, na mara nyingi alipata vipimo vichache tu vya kutolea uamuzi. Wataalamu wa takwimu wa siku zile walizoea sampuli za mamia. Sampuli ndogo hawakuijali sana. Mwaka 1906 alikwenda London kujifunza kwa Karl Pearson, bingwa wao.

Jibu lake lilichapishwa mwaka 1908. Ili kulihakiki, alichukua vipimo vya wafungwa 3,000, akaviandika kwenye kadi, akazichanganya, akazigawa nne nne mpaka akapata mafungu 750. Hapo aliona jinsi bahati inavyoyumbisha wastani wa vitu vichache, na kwamba kuyumba huko kunapimika. Kwa kuwa kiwanda hakikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, alitia sahihi ya Student, yaani Mwanafunzi.

Mwaka 1925 rafiki yake Ronald Fisher aliipanua hesabu hiyo ili ilinganishe wastani wa makundi mawili yasiyotegemeana. Kwanza unadhani kwamba makundi hayatofautiani. Kisha unaipima tofauti uliyoiona kwa mtawanyiko ulio ndani ya kila kundi na kwa idadi ya vipimo. Ikiwa bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa hivyo kwa nadra sana, unaiacha dhana ya kwanza. Isipokuwa hivyo, unanyamaza. Hujathibitisha kwamba makundi ni sawa.

Gosset alifariki tarehe 16 Oktoba 1937, akiwa na umri wa miaka 61, bado mtumishi wa Guinness.

Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Kasongo, uliolinganisha uhai wa watoto waliochanjwa surua na wa wale wasiochanjwa. Pale walihesabu vifo, si wastani wa mavuno, na njia ya hesabu ilikuwa nyingine. Lakini swali lilikuwa lile lile la Mwanafunzi: tofauti hii imeletwa na chanjo, au na bahati? Mzazi aliyembeba mtoto mgongoni hadi kituo cha afya alistahili jibu lililopimwa.