Georg Neumann, mtu wa maikrofoni na umeme wake

Mwezi uliopita kipindi chetu cha jioni kilichelewa, nanyi mkasikiliza muziki kuliko kawaida. Mgeni wetu alikuja na maikrofoni yake ya kurekodia, tukaichomeka kwenye mikisa yetu ya zamani, ikawa kimya. Tulibadilisha waya mara tatu. Kumbe maikrofoni ilikuwa nzima, ila ilikosa umeme, kwa sababu mikisa ile haina kitufe cha 48V. Kwa kuwa wengi mmeuliza, leo tunawaletea habari za mtu ambaye kampuni yake ndiyo iliyoleta umeme huo.

Georg Neumann alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1898 huko Chorin, kaskazini-mashariki mwa Berlin, Ujerumani. Akiwa kijana alifanya kazi kwa Eugen Reisz, wakatengeneza maikrofoni ya jiwe la marumaru lililojazwa unga wa kaboni. BBC pia ilitumia maikrofoni za aina hiyo. Lakini kaboni ilikuwa na mchakacho, na Neumann alitaka sauti safi zaidi. Mwaka 1928 akafungua kampuni yake pamoja na Erich Rickmann, wakatoa CMV 3, maikrofoni ya kondensa ambayo watu waliiita chupa kwa umbo lake.

Ndani ya kondensa kuna utando mwembamba mno unaotikiswa na sauti. Ishara yake ni dhaifu, hivyo hukuzwa na valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Valvu inahitaji umeme mwingi, kwa hiyo kila maikrofoni ilikuwa na boksi lake la umeme.

Mwaka 1943 kiwanda cha Berlin kiliungua kwa mabomu, kazi ikahamia mji mdogo wa Gefell. Vita vilipokwisha, Gefell ikabaki upande wa Wasovieti, na Neumann akaanza upya Berlin. Mwaka 1947 alifanikiwa kuziba kabisa betri ya nikeli na kadimiamu, isivuje gesi wala kuhitaji kuongezwa maji. Simu nyingi za mkononi za mwanzo ziliendeshwa na betri za aina hiyo.

Mwaka 1949 ikaja U 47, ambayo mpaka leo wanamuziki huitafuta kwa bei ya kutisha. Ilitegemea valvu moja tu, VF14 ya Telefunken. Valvu hiyo ilipoacha kutengenezwa, wenye U 47 walilazimika kufunga valvu nyingine na kurekebisha boksi la umeme liendane nayo. Hiyo si kazi ya kujaribia nyumbani, maana boksi lile hutoa volti kama 105.

Mwaka 1966 kampuni ilipeleka maikrofoni za transista kwa redio ya taifa ya Norway. Hizo zilihitaji umeme kidogo tu, na Wanorway wakataka upite kwenye waya uleule wa sauti. Studio zao tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura, kwani majira ya baridi kule mwanga wa jua ni haba. Ndiyo asili ya 48. Nyaya mbili za sauti hubeba volti sawasawa, na kwa kuwa hakuna tofauti kati yake, sauti haiguswi. Mafundi huuita fantomu, yaani mzimu.

Mwenye mikisa isiyo na kitufe hicho anaweza kuweka kiboksi cha fantomu kati yake na maikrofoni. Sisi tumeshanunua chetu. Ila kama una maikrofoni ya zamani ya utepe, usiiwashie fantomu: waya ukiwa na hitilafu, utepe unaharibika papo hapo.

Neumann alifariki Berlin tarehe 30 Agosti 1976, akiwa na miaka 77. Kule Gefell maikrofoni ziliendelea kutengenezwa.