Maisha ya Albert Bernhard Frank

Albert Bernhard Frank alizaliwa katika mji wa Dresden, Ujerumani, tarehe 17 Januari, 1839. Alisoma elimu ya mimea huko Leipzig, akafanya kazi huko miaka mingi, na mwaka 1881 akawa mwalimu katika chuo cha kilimo cha Berlin.

Siku zile serikali ya Prussia ilitaka kulima uyoga wa thamani kubwa uotao chini ya ardhi karibu na mizizi ya miti. Frank akapewa kazi ya kuuchunguza. Alipochimbua mizizi msituni aliona jambo la ajabu: ncha zake zilivikwa kuvu kama kidole kivikwavyo glavu, wala miti yenyewe haikuwa na ugonjwa. Mwaka 1885 aliandika kwamba mti na kuvu ni washirika: kuvu huuletea mti maji na chakula cha udongoni, na mti hulisha kuvu. Ushirika huo aliuita maikoriza, yaani kuvu na mzizi kwa Kigiriki.

Wataalamu wengi walikataa, maana kuvu ilijulikana kuwa adui wa mimea. Frank alijibu kwa jaribio. Alipanda misonobari katika vyungu. Vingine vilikuwa na udongo wa msituni, na vingine udongo uliotiwa joto hata kuvu ikafa. Miche ya udongo wenye kuvu ilisitawi, ile mingine ikadumaa.

Frank alifariki Berlin tarehe 27 Septemba, 1900, na ubishi haujaisha. Mwaka 1942 Erik Björkman wa Sweden alionyesha kwamba miche ya misonobari iliyonyimwa mwanga hupata maikoriza chache. Majani hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua. Yakikaa gizani, sukari hupungua, na mzizi hauna cha kumpa mwenziwe. Mkono mtupu haulambwi. Mwaka 1957 Elias Melin na Harald Nilsson, pia wa Sweden, waliifuata kaboni iliyotiwa alama kutoka majanini hata ndani ya kuvu. Hivyo neno la Frank likathibitika.

Leo twajua kwamba mimea mingi ya nchi kavu ina ushirika wa namna hii, hata mahindi na mihogo. Basi tupandapo shambani, tusisonge miche hata ikanyimana jua, kwani jua la majani ndilo riziki ya wafanyakazi walio chini ya ardhi.