Daktari wa Kwihara na maji yanayorudi nyuma bombani

Mama, mlezi, ukitoka Tabora mjini kwenda Kwihara, si mbali, utakuta nyumba ya tembe ambayo leo ni makumbusho. Mwaka 1872 aliishi humo David Livingstone. Wengi tulimsoma shuleni kama mpelelezi na mmisionari. Hapa tunamkumbuka kama daktari aliyeshindwa na ugonjwa ambao wewe unaweza kuuzuia nyumbani kwako.

Mtoto wa kiwandani aliyekuwa daktari

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813, Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na jioni alisoma. Mwaka 1840 alipata cheti cha udaktari, kisha akaja kusini mwa Afrika. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat. Mary alifariki kwa homa kwenye bonde la Zambezi mwaka 1862, akaacha watoto.

Mwaka 1866 Livingstone alirudi kutafuta chanzo cha mto Nile. Januari 1867 sanduku lake la dawa lilipotea pamoja na wapagazi waliotoroka. Tangu hapo alikuwa daktari asiye na dawa. Alisumbuliwa na homa na kuhara damu mara kwa mara. Stanley alipomkuta Ujiji, Novemba 1871, alikuwa amedhoofika sana.

Februari 1872 wawili hao walifika Kwihara. Stanley alishika njia ya pwani mwezi Machi. Livingstone akabaki kwenye tembe akisubiri wapagazi na vifaa, na tarehe 25 Agosti akaondoka tena. Alipita kwenye vinamasi vya Bangweulu wakati wa mvua, huku kuhara damu kukimrudia. Alifariki kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Unyanyembe, kisha Bagamoyo. Alizikwa London mwaka 1874.

Wakati ule misafara ilikunywa maji ya visima vya njiani na madimbwi. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Zanzibar na pwani, na kilisafiri pamoja na misafara. Madaktari wengi bado hawakujua kwamba vijidudu ndivyo vinavyosababisha magonjwa haya. Robert Koch alikitambua kijidudu cha kipindupindu miaka kama 10 baada ya kifo cha Livingstone.

Wewe unajua asichojua yeye

Leo Tabora ina maji ya bomba yaliyotibiwa, kutoka bwawa la Igombe na, miaka ya karibuni, kutoka Ziwa Victoria. Hata hivyo maji safi yanaweza kuchafuka yakiwa tayari yamefika uani kwako.

Maji hutembea bombani kwa sababu yanasukumwa na presha. Bomba kubwa likipasuka au maji yakikatika, presha hushuka, na maji ya nyumbani huweza kurudi nyuma. Kama ncha ya mpira wako imezama kwenye ndoo ya nguo chafu, bomba litanyonya maji hayo, kama unavyonyonya soda kwa mrija. Maji yakirejea, uchafu ule utatoka kwenye bomba lako au la jirani, kwenye kikombe cha mtoto.

Kwa familia zinazolima tumbaku, hatari ni kubwa zaidi. Ukijaza bomba la kunyunyizia dawa huku mpira umezama ndani, sumu inaweza kuingia kwenye maji ya kunywa. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Fanya haya nyumbani

- Usiache mpira umezama kwenye ndoo, beseni, pipa au bomba la dawa. Acha nafasi ya hewa kati ya ncha ya mpira na maji, angalau upana wa vidole viwili. Maji hayawezi kuruka nafasi hiyo kurudi nyuma.
- Kwa dawa za shamba, chota maji kwa ndoo safi, kisha uyamimine.
- Hakikisha maji yanaingia kwenye tangi kutoka juu, na mdomo wa bomba hauguswi na maji hata tangi likijaa.
- Usiunganishe bomba la kisima chako na bomba la mamlaka ya maji.
- Mwombe fundi bomba afunge, karibu na mita, kifaa kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu.
- Toa taarifa mapema ukiona bomba limepasuka. Presha ikishuka, tope huingia kwenye tundu lile lile.

Maji yakirudi baada ya kukatika

Yaache yatoke mpaka yawe meupe. Ya mwanzo tumia kusafishia choo. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja, uyafunike yapoe. Yakiwa na harufu ya dawa au mafuta, usiyatumie kabisa hata kwa kupikia; toa taarifa.

Mtoto akiharisha

Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS) yaliyochanganywa kwa maji salama, na uendelee kumnyonyesha. Mpeleke kituo cha afya haraka akiwa na damu kwenye kinyesi, macho yaliyodidimia, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au akilegea. Usisubiri kesho.

Livingstone alisubiri dawa kwa miaka. Kinga yako ya kwanza haihitaji sanduku la dawa: nenda uani sasa hivi, utazame ncha ya mpira wako iko wapi.