Askofu Aliyeziacha Nguzo Kichwa Chini



Nilipoombwa niandike maisha ya mtu mmoja kwa ajili ya kijitabu hiki cha jubilii, wengi walidhani nitachagua mtunzi wa nyimbo. Nimemchagua Edward Steere, askofu wa Zanzibar. Hapa Ndau jina lake halitajwi sana, lakini Kiswahili tunachosomea Neno na kuimbia kilipita mikononi mwake. Tena, sisi tunaorudia mstari mmoja mpaka taa inakaribia kuzimika tuna jambo la kuulizana mbele ya mtu huyu.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria kwanza, kisha akaiacha akawa padri wa kijijini. Mwaka 1863 alikuja Afrika pamoja na Askofu Tozer. Walianzia upande wa Mto Shire, mambo hayakwenda, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Huko Steere akakutana na kazi ambayo hakuiacha tena mpaka kufa: kuandika Kiswahili na kutafsiri Maandiko.

Hakuwa wa kwanza. Ludwig Krapf alikuwa amefika Mombasa miaka ishirini nyuma, na kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1850. Lakini kamusi kubwa ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, naye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Simlaumu mzee yule. Alimzika mke na mtoto Mombasa mwaka aliofika, na bado akaendelea na kazi. Steere alishika njia nyingine. Aliketi na Waislamu wa mjini, wasomi na wasimulizi wa hadithi, akiuliza na kuandika. Alichokipata hakukifungia sandukuni kikisubiri kukamilika. Alikuwa na mtambo mdogo wa kuchapia, na vijana waliookolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi. Vikatoka vijitabu vidogo vidogo, orodha za maneno, vipande vya sarufi. Injili ya Mathayo ilitoka mwaka 1869. Mwaka uliofuata vikatoka kitabu chake cha kufundishia Kiswahili na kitabu cha hadithi za Unguja, hadithi zenyewe zikiwa katika Kiswahili cha waliozisimulia.

Makosa yalikuwamo, bila shaka. Na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha Unguja. Mtoto wa hapa anayesema Kitikuu nyumbani angekuwa na maswali yake. Lakini kitabu kilichokwisha kutoka kinaweza kusahihishwa na mtu mwingine. Kilichomo kichwani mwa mwandishi hakisahihishwi na mtu.

Alirudi Uingereza mwaka 1868, na angeweza kubaki huko. Mwaka 1872 kimbunga kikaipiga Unguja, kikaangusha majengo na mikarafuu. Mwaka huohuo Steere akarudi. Tozer alijiuzulu, na mwaka 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu. Sasa fikirieni mzigo wake: watoto waliokombolewa wa kulea, safari za bara, mpaka Masasi mwaka 1876 akiwapeleka watu walioachwa huru wakaanze makao, barua za kuombea fedha, na kanisa la kujenga. Katikati ya hayo yote tafsiri iliendelea, kitabu baada ya kitabu.

Kanisa lenyewe nalieleza kwa urefu kidogo, maana ndilo lililonifanya nimpende. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa palepale Mkunazini siku ya Krismasi ya mwaka huo. Sisi watu wa visiwa vya Lamu tunajua paa la nyumba ya mawe hushikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Steere aliezeka bila boriti. Alifanya kuba la saruji na matumbawe yaliyopondwa, na watu wakasema litaanguka. Mpaka leo halijaanguka.

Lakini kuna nguzo. Karibu na mlango wa magharibi, penye kisima cha ubatizo, zipo nguzo za marumaru. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa amesafiri mafundi walipozisimamisha, nao hawakuwa wamewahi kuona nguzo za namna ile. Wakazigeuza: kitako kikawa juu, kichwa kikawa chini. Aliporudi alikuta zimekwisha kushika. Kuzing'oa kungekula siku na fedha, na labda nguzo zenyewe zingevunjika. Akaziacha, akaendelea na kazi nyingine.

Naikumbuka habari hiyo kila tunapokwama mazoezini. Mnaujua wimbo ninaousema. Tuliukalia ubeti wa kwanza wiki nyingi, besi wakipandisha pale wanapopaswa kushuka, na mwalimu akisimamisha na kuanza upya, mpaka siku ya kuimba ikafika na ubeti wa tatu hakuna aliyeujua. Tukaimba ubeti mmoja, tukauimba vizuri sana, tukaketi. Mama mmoja aliyekuwa amevuka kwa mashua kuja kutusikiliza alituuliza mbona wimbo umekatika.

Isidhaniwe kuwa Steere alikuwa mzembe. Neno moja la tafsiri aliweza kuwauliza watu wengi kabla ya kuliandika. Ila alijua saa ya kuliandika ikifika, na alijua pia lipi linastahili kurudiwa na lipi liachwe kama nguzo zile.

Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akiwa na miaka 54. Siku zake za mwisho alikuwa akishughulika na tafsiri ya Isaya. Biblia nzima hakuiona. Wengine waliichukua pale alipoiachia, nayo ikatoka mwaka 1891. Kitabu chake cha Kiswahili kilirekebishwa na kuongezwa na Madan, mwenzake wa misheni, kikachapwa upya mwaka 1884.

Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa lile. Ukijaliwa kufika Mkunazini, ingia kwa mlango wa magharibi, uziangalie nguzo kabla hujafika mbele. Zimesimama vilevile.