Richard St. Barbe Baker na Chimbuko la Watu wa Miti

Miongoni mwa majina ya Kiswahili yaliyovuka bahari, Watu wa Miti ni nadra kutajwa. Jina hilo lilizaliwa Kenya mwaka 1922, na mmoja wa waasisi wa chama hicho alikuwa Mwingereza, mtaalamu wa misitu, Richard St. Barbe Baker.

Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika jimbo la Hampshire, na baba yake alikuwa mkuzaji wa miche ya miti. Akiwa kijana alihamia Kanada, akasoma katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan. Huko alishuhudia upepo ukipeperusha udongo wa nyanda zilizolimwa na kuachwa bila miti. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alisomea misitu Cambridge, na mwaka 1920 akaja Kenya kama afisa msaidizi wa misitu.

Hali aliyoikuta ilitisha. Walowezi walikuwa wamejitwalia ardhi, Wagikuyu wamebanwa katika sehemu finyu, na misitu inafyekwa kwa ajili ya kilimo, mbao na kuni. Alipowasihi wazee wapande miti, walimjibu kwamba hilo ni shauri la Mungu. Jibu hilo halikuwa la kijinga: tangu jadi msitu ulijiotesha wenyewe kwa mbegu za miti mikongwe. Tatizo ni kwamba mikongwe yenyewe ilikuwa imekatwa.

Badala ya kutoa amri, Baker aligeukia mila. Wagikuyu walikuwa na ngoma za kupanda na za kuvuna. Kwa nini pasiwe na ngoma ya miti? Kwa ushirikiano na Chifu Josiah Njonjo, ngoma hiyo ilichezwa Muguga tarehe 22 Julai 1922, na takribani vijana 3,000 wakahudhuria. Hamsini wa kwanza walichaguliwa, wakaapa mbele ya Ngai kuilinda misitu ya asili, kupanda miti 10 ya kienyeji kila mwaka, na kuitunza miti popote ilipo.

Hata hivyo, Baker alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Kiapo kiliwafunga waliopokonywa ardhi, ilhali waliowapokonya hawakuapa. Aidha, inasimuliwa kwamba aliwahi kujitia kati afisa mmoja alipotaka kumpiga mfanyakazi Mwafrika, pigo likampata yeye, na tendo hilo likawachukiza wakubwa wake.

Mwaka 1924 alianzisha chama hicho Uingereza, jina lake likiwa limetafsiriwa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Baadaye alitetea miti mirefu ya California, na katika miaka ya 1952 na 1953 akasafiri Sahara akichunguza jinsi jangwa linavyoweza kuzuiwa kwa miti. Alifariki Saskatoon, Kanada, tarehe 9 Juni 1982, siku chache baada ya kupanda mti wake wa mwisho katika chuo alichosomea. Msitu uliopandwa pembezoni mwa mji huo unaitwa kwa jina lake.

Maisha ya Baker yanafunza kwamba msitu, uwe wa mjini au wa nyikani, haulindwi kwa sheria na askari pekee. Hulindwa na jamii inayouona kuwa wake, kwa lugha na mila inazozielewa. Lakini ni vigumu jamii kuuona msitu kuwa wake ilhali ardhi uliomo ni ya wengine.